Kitanzi cha sekunde 10 kinaichafua osileta yako

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kama satelaiti ina saa ya atomiki, kwa nini nisiifuate kila sekunde?" Aliyeuliza alikuja na sanduku alilolijenga mwenyewe, kazi safi: osileta ya megahezi 10, yaani fuwele inayotetema kwa masafa hayo, ndani ya oveni yake ndogo ya kuitunzia joto, kipokezi cha GPS, mikrokontrola, na taa ya kijani inayowaka kitanzi, yaani utaratibu wa kulinganisha osileta na satelaiti na kuisahihisha, kikishafunga. Kitanzi alikiweka sekunde 10, ndio muda kinaochukua kuivuta osileta ifuate satelaiti. Kilichomleta ni kwamba akizidisha masafa hadi gigahezi 10, mlio anaousikia redioni unatetemeka kama sauti ya mtu anayezungumza garini kwenye barabara mbovu. Nikamwambia aigandishe volteji ya kusahihisha, ile inayovuta masafa ya osileta, pale ilipo, kisha achomoe waya wa antena. Mlio ukanyooka palepale.

Alinitazama kama nimemfanyia kiinimacho. Nilichofanya ni kuondoa uchafu tu, na uchafu wenyewe ulikuwa unaingia kwa njia ya satelaiti.

Saa iliyo kule juu ni nzuri, sibishani. Hata zile mikrosekunde 38 ambazo ingewahi kila siku kwa sababu ya mwendo na mvutano zimeshafidiwa. Ila wewe huipokei saa ile. Unapokea mpigo mmoja kwa sekunde uliotengenezwa na kipokezi kilicho mezani pako, baada ya ishara kusafiri zaidi ya kilomita 20,000, kucheleweshwa na ayonosfia na kudunda kwenye kuta. Mpigo ukicheza nanosekunde 10, na hapo kipokezi ni kizuri, basi katika sekunde moja umekosea sehemu 1 kwa milioni 100. Kwenye megahezi 10 hiyo ni hezi 0.1. Osileta nzuri ya oveni, katika sekunde hiyohiyo, inakosea sehemu chache kwa trilioni. Halafu unailazimisha iliyotulia ifuate inayopepesuka!

Sasa subiri. Nanosekunde 10 zilezile ukizigawa kwa sekunde 1,000 unabaki na sehemu 1 kwa bilioni 100. Zigawe kwa siku nzima, unakaribia sehemu 1 kwa trilioni 10. Fuwele inakwenda kinyume chake: imetulia sekunde kwa sekunde, lakini joto na uzee vinaisogeza mchana kutwa. Mistari hii miwili ya makosa, wa satelaiti unaoshuka na wa fuwele unaopanda, inakutana mahali, na kwa osileta nyingi za oveni ni kati ya sekunde mia kadhaa na elfu chache. Kitanzi kikae hapo. Chini ya hapo iachie fuwele, juu ya hapo iachie satelaiti.

Jibu ninalopewa kila mara, na ndilo linaloniudhi kuliko swali, ni hili: "Basi nitachukua wastani wa mipigo 10." Wastani unasaidia makosa yakiwa yamechanganyika, huku na huku. Ya hapa hayajachanganyika. Kipokezi kinatoa mpigo pale tu saa yake ya ndani inapogonga. Saa hiyo ikiwa ya megahezi 48, nafasi inapatikana kila nanosekunde 21 hivi, kwa hiyo mpigo unawahi au unachelewa hadi nanosekunde 10. Kosa linapanda, linaanguka, linapanda tena, meno ya msumeno kabisa. Lakini saa ya kipokezi ikikaribia kulingana sawasawa na sekunde, meno yanalala. Kosa linaning'inia upande mmoja dakika nzima na zaidi. Nimewahi kukaa mbele ya mchoro wa fezi (tofauti ya muda kati ya mpigo na osileta) ulionyooka hivyo, unapendeza, huku volteji ya kusahihisha ikitambaa kufuata kitu kisichokuwepo. Wastani wa mipigo 10 ndani ya dakika ile ni uongo uleule umerudiwa mara 10. Vipokezi vilivyotengenezwa kwa kazi ya muda hukutangazia kosa la mpigo unaofuata. Soma ujumbe huo, toa kosa hilo kwenye hesabu yako. Ni mistari michache ya programu. Na antena ikishapimwa ilipo, kiambie kipokezi mahali pamefungwa, kisiendelee kujitafuta.

Volteji ya kusahihisha nayo ina mtego. Tuseme osileta inavutwa sehemu 1 kwa milioni kwa volti 5, nawe unaiendesha kwa biti 16. Kila hatua ni mikrovolti 76, yaani sehemu 1.5 kwa bilioni 100. Rejea ya volteji, yaani kipande kinachotoa volti 5 za kulinganishia, inayosogea sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi joto itakupotezea mikrovolti 50 hewa ikipoa nyuzi moja tu, karibu theluthi mbili za hatua. Weka kidole juu ya rejea hiyo uone mchoro unavyopinda. Ifunike, ikae mbali na feni.

Yule mgeni alikuwa na ushahidi pia: kihesabio chake kilionyesha 10,000,000.000 bila kutikisika. Nikafuata waya. Rejea ya kihesabio, masafa kinayopimia, ilitoka kwenye sanduku hilohilo. Kitu kilichopimwa kwa chenyewe hakikosei kamwe.

Na hapa nami natembea gizani kidogo. Fezi ninayoiona kwenye skrini ni ya kitanzi kikijisifia. Kupata namba ya kweli kunahitaji saa ya tatu isiyohusiana na hizi mbili, na nilipoazima moja ya rubidiamu, makutano yalitokea tofauti na niliyoyakadiria kwa macho. Makutano ya siku za baridi hayakuwa ya siku za joto. Ningetaka kusema sekunde 700 ndiyo sahihi kwa osileta yangu, lakini juzi ilikuwa 900, na zote mbili zilikuwa na mchoro mzuri. Sanduku la mgeni limeondoka likiwa kwenye 500, na kihesabio chake kimetafutiwa rejea nyingine.