Maharage ya kopo yameshaiva: kazi yako jioni ni kuyaunga

Kila ninapofundisha mapishi ya maharage ya kopo, swali la kwanza huwa ni lile lile: yachemshwe kwa muda gani? Hayahitaji kuchemshwa. Ukifungua kopo ukala kwa kijiko hapo hapo, utakuwa umekula chakula kilichoiva, ingawa hakina ladha ya kukufanya uongeze. Kutojua jambo hili ndiko kunakoharibu mlo wa jioni wa watu wengi. Wanayatia maharage sufuriani na maji tele, wanayaacha yatokote nusu saa kama makavu, kisha dakika za mwisho ndipo wanakumbuka kitunguu. Mimi ninafanya kinyume. Zile dakika 30 nilizonazo baada ya kutoka kazini zaidi ya nusu yake zinakwenda kwenye mafuta, kitunguu na nyanya, na maharage yanaingia mchuzi ukiwa umeshakaa sawa.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Kiwandani maharage makavu hulowekwa, hupitishwa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, kisha hutiwa koponi pamoja na maji yenye chumvi. Kopo hufungwa kabisa, ndipo linapoingizwa kwenye mtambo wa mvuke, ambao ni kama sufuria ya presha ya nyumbani ila mkubwa mno, na joto hufika karibu nyuzi 121 za Selsiasi. Joto hilo linamlenga bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake huvumilia maji yanayochemka na ambaye hustawi mahali pasipo hewa. Ili mbegu hizo ziishe, joto lazima lifike hadi katikati ya kopo na likae hapo dakika kadhaa. Maharage yanaiva humo humo. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mbinu yake ya kufunga chakula na kukichemsha ndani ya chombo mwaka 1810, miaka mingi kabla ya Louis Pasteur kueleza kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha chakula. Alijua kwamba inafaa, hakujua kwa nini.

Kwa kuwa yameshaiva, mambo kadhaa uliyoyazoea kwa maharage makavu yanageuka. Maharage mekundu mabichi yana lektini, protini yenye sumu inayoweza kukutapisha na kukuharisha hata kwa punje chache, na sumu hiyo huharibika kwa kuchemka sawasawa tu. Ya kopo yameshavuka hatua hiyo. (Siku ukiamua kutumia makavu kwenye mapishi haya, yaloweke, mwaga maji, uyachemshe kwa nguvu dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Jiko la umeme la kupikia polepole, peke yake, linaweza lisifikishe joto la kutosha.)

Tofauti nyingine ni ya asidi. Kwa makavu, nyanya na ndimu husubiri mpaka punje zilainike, kwa sababu asidi huzuia pektini iliyoshikilia kuta za punje isiyeyuke, na maharage hubaki magumu hata ukeshe jikoni. Kwa ya kopo tabia hiyo hiyo inakusaidia. Punje laini zikikaa kwenye mchuzi wenye nyanya, maganda yake hayapasuki ovyo, na unaweza kuziacha zikitokota taratibu bila kuogopa uji.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba punje ya kopo imejaa maji tayari. Haina kiu. Ladha inaingia polepole, na inaingia vizuri zaidi ikiwa mchuzi wenyewe una nguvu kuliko ungeutaka mdomoni. Ndiyo maana siamini mapishi yanayosema "ongeza maharage, pasha moto, pakua". Ukila vile unapata mchuzi mtamu nje na punje butu ndani.

Sasa lile suala la maji ya kopo, ambalo wapishi hubishania kupita kiasi. Kuchuja na kusuuza kwa maji ya bomba huondoa karibu asilimia 40 ya sodiamu, na pia sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi, kwa sababu nazo huyeyukia humo. Mtu mwenye shinikizo la damu asijiulize mara mbili: asuuze, au anunue yasiyotiwa chumvi. Lakini maji hayo mazito yana wanga na protini zilizotoka kwenye punje, na wanga huo ndio unaoupa mchuzi uzito bila unga wala krimu. Mimi husoma kibandiko. Nikiona maharage, maji na chumvi tu, nusu ya maji yale inaingia sufuriani na ninapunguza chumvi kwingine kote. Nikiona sukari, ninachuja yote na kusuuza. Kwa saladi ninasuuza kila mara, maana ule utelezi hauendi na mboga mbichi. Maji ya dengu (chickpeas) za kopo, yakipigwa kwa mashine, huumuka povu jeupe kama ute wa yai, na kuna watu wanaokea keki kwa kutumia hilo. Ni ujuzi mzuri, lakini wa siku ya mapumziko.

Ukiona pia kalsiamu kloridi kwenye kibandiko, usiogope. Imewekwa ili kila punje ibaki nzima isivurugike kiwandani. Athari yake utaiona kwenye mwiko: punje hizo ni ngumu kuponda, kwa hiyo kama unataka mchuzi mzito itabidi uziponde kwa uma pembeni.

Tuingie jikoni. Kwa watu watatu ninatumia makopo mawili ya gramu 400; ukichuja, kila moja linabakiza takriban gramu 240 za maharage. Ninahitaji kitunguu maji kimoja kikubwa, punje nne za kitunguu saumu, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, vijiko viwili vya chakula vya nyanya nzito ya kopo, nyanya mbili zilizoiva, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba ya unga, pilipili manga, na nusu limau. Mafuta yasikuogopeshe. Maharage karibu hayana mafuta yake, na mchuzi usio na mafuta hauwezi kubeba harufu ya viungo.

Kitunguu ndicho chenye kuamua. Kikate vipande vidogo vilivyolingana, kitie kwenye mafuta yenye moto wa wastani, nyunyiza chumvi kidogo na funika kwa dakika tatu. Chumvi hutoa maji, mvuke hukilainisha, na ukifunua unaanza kukaanga kitu kilichokwisha kulegea. Endelea dakika saba au nane zaidi mpaka kingo ziwe na rangi ya dhahabu. Kikianza kushika chini, tia kijiko cha maji na ukwangue kwa mwiko. Ile rangi ya kahawia iliyoganda ni ladha, isiachwe ndani ya sufuria. Mapishi mengi husema kitunguu hupata rangi kwa dakika tano. Hayasemi kweli, na aliyeyaandika anajua. Wapo wanaotia magadi kidogo ili kiharakishe. Kweli kinaharakisha, lakini kinageuka uji wenye ladha ya sabuni ukizidisha hata chembe, kwa hiyo mimi siitumii njia hiyo.

Kitunguu saumu kinafuata, kwa dakika moja tu, kwa kuwa kikiungua kinakuwa kichungu na uchungu huo hauondoki. Halafu bizari. Harufu za viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo nusu dakika ndani ya mafuta ya moto inafanya kazi ambayo nusu saa ndani ya mchuzi haiwezi. Ukisikia harufu imepanda, usingoje: tia nyanya nzito. Ikaange dakika mbili, ukiitandaza chini ya sufuria, mpaka wekundu wake unaong'aa ugeuke kuwa kama wa tofali na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo ule ukali wa kopo unakuwa umeondoka. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayonifanya nijue, kwa kuonja mara moja, kwamba mpishi alikuwa na haraka.

Nyanya mbichi zilizokatwa zinaingia sasa, zinapondeka dakika tatu nne. Kisha maharage, na nusu kikombe cha maji ya kopo au maji ya kawaida. Yakishatokota punguza moto, acha wazi dakika 10. Katikati ya muda huo chota upawa mmoja wa maharage, uyaponde kwenye ukuta wa sufuria, uyarudishe. Wanga unaotoka humo unashikanisha mafuta na maji, na mchuzi uliokuwa umegawanyika, mafuta juu na maji chini, unakuwa kitu kimoja kinachong'ang'ania punje. Usiponde zaidi ya robo ya maharage, labda kama unataka kupaka kwenye mkate.

Chumvi ionjwe mwishoni, kwani ya kopo ilishaingia bila kukuuliza. Ukionja ukahisi mchuzi umepooza, usikimbilie chumvi. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu. Zima moto, kamulia limau, koroga, onja tena. Limau likichemka harufu yake inatoweka na kubaki ukali mtupu, ndiyo maana linasubiri. Siki nayo inafaa, kijiko kimoja cha chai kwa kuanzia. Vitamini C iliyo kwenye limau ina kazi nyingine: inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage, ambayo kwa kawaida hayafyonzwi kirahisi. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo kikombe kisubiri baada ya mlo.

Funika, acha dakika tano. Ule utulivu baada ya moto kuzimwa ni sehemu ya mapishi, maana mchuzi unazidi kuwa mzito na punje zinaendelea kunywa ladha. Tumia muda huo kupika kitu kingine au kuandaa meza. Wali, mkate, viazi, tambi, vyote vinakubali. Nafaka ina faida ya ziada, kwa sababu protini hujengwa kwa asidi amino: ya maharage ina upungufu wa ile iitwayo methionini, ambayo nafaka inayo, na nafaka ina upungufu wa lisini, ambayo maharage yamejaa. Si lazima vikutane kwenye sahani moja, vikutane tu ndani ya siku.

Jioni nikiwa nimechoka zaidi ya hapo, ninayakaanga hayo hayo ya kopo mpaka yakauke, bila mchuzi. Hapa sheria ni moja: maji ni adui. Punje yenye unyevu haiwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji yaliyo juu yake yaishe, na rangi ya kahawia haianzi vizuri kabla ya nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo chuja, suuza, kausha kwa kitambaa safi, kisha tandaza kwenye kikaango kipana chenye mafuta ya moto, punje zisibebane. Usikoroge kwa dakika tatu za mwanzo. Zitarukaruka na kurusha mafuta, hasa dengu, basi weka mfuniko nusu na mkono wako uwe mbali. Zikipata rangi, tia saumu, majani ya mchicha au mboga yoyote laini, chumvi na limau. Dakika 10, umemaliza. Mayai yanaweza kupasuliwa juu yake na kufunikwa mpaka ute ushike.

Aina ya maharage inaleta tofauti, ingawa si kubwa kama makampuni yanavyotaka uamini. Mekundu yana ganda nene na hustahimili mchuzi mrefu. Meupe ni malaini, yanafaa kupondwa na kwa tambi, na maji ya kuchemshia tambi yakiongezwa kidogo mchuzi unakuwa laini kabisa. Meusi hutoa rangi, yasuuze usipotaka sufuria nzima iwe ya kijivu. Dengu ndizo ninazopenda kukaanga.

Kuhusu usalama, kopo lililovimba, linalovuja, linalorusha maji ukilifungua, au lililobonyea kwenye mshono, lisionjwe hata kwa ncha ya ulimi. Sumu ya botulinum haina harufu ya kukutahadharisha. Lenye kibonyeo kidogo ubavuni, mbali na mshono, kwa kawaida halina shida.

Yaliyobaki yahamishie kwenye chombo chenye mfuniko, yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili, uyale ndani ya siku tatu au nne. Asubuhi utayakuta yameganda, kwa kuwa wanga hukaza ukipoa. Tia maji vijiko viwili vitatu kabla ya kuwasha moto, pasha mpaka yatoke mvuke katikati, kisha onja upya, maana limau la jana litakuwa limefifia na robo nyingine itahitajika.