Ubishi wa muvi za miaka ya 80: nani alikuwa wapi?

Wakikutana watu wawili waliokulia kwenye kanda za VHS, ubishi hauchelewi kuwaka. Commando au Rambo? Predator au The Terminator? Arnold Schwarzenegger angemweza Sylvester Stallone mikono mitupu? Vipimo vinavyotumika vinajulikana: misuli, ukubwa wa bunduki, na maadui wangapi wamelala chini filamu inapoisha. Mimi riziki yangu ni kuhariri picha, na kipimo changu ni kimoja. Pigano linapopamba moto, je, mtazamaji anajua nani yuko wapi? Steringi yuko upande gani wa ukuta, adui anatokea mlango upi, na kutoka hapa hadi pale pana umbali gani? Kwa kipimo hicho, filamu bora ya mapigano ya miaka ya 80 ni Die Hard ya mwaka 1988. Nitaitetea, na nitaeleza pia kwa nini wengi wetu tuliitazama bila kuiona.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Likifika mezani kwa mhariri, pigano ni rundo la vipande. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo shoti, yaani kipande kimoja kisichokatwa, ya nusu sekunde ni fremu (picha moja moja) 12 tu. Ndani ya fremu hizo 12 jicho la mtazamaji linatakiwa kumtafuta mtu, kumtambua na kuelewa anachofanya. Shoti moja ikimwonyesha steringi kushoto akitazama kulia, na inayofuata ikamtupa kulia akitazama kushoto bila sababu, jicho linaanza kutafuta upya, na ngumi inakuwa imeshapita. Ndiyo maana waongozaji huchora mstari wa kufikirika kati ya wanaopambana na kuibakiza kamera upande mmoja wa mstari huo. Unaweza kuuvuka, lakini umvushe na mtazamaji. Mwongozaji asiyejali haya hufunika pengo kwa milipuko na muziki, na ukumbini watu watashangilia hivyohivyo.

Ichukue Commando ya 1985. Sehemu ya mwisho, Schwarzenegger anavamia kasri kisiwani na askari wanaanguka kama maembe mabivu. Naifurahia hadi leo. Ila jiulize wale askari walikuwa wamejificha wapi, na yeye alikuwa amesimama wapi alipowapiga. Hutapata jibu, kwa sababu halikuwekwa. Anafyatua kwenye shoti moja, wanaanguka kwenye shoti nyingine, basi. Kipande kinachosimama imara ni kile cha banda la zana za bustani, kwa sababu banda lina kuta nne na mlango, na mtazamaji hana pa kupotelea.

Sasa iweke kando ya First Blood ya 1982, Rambo ya kwanza kabisa, iliyopigwa kwenye mji mdogo wa Hope huko British Columbia, Kanada. Wanaoikumbuka kama filamu ya mauaji wanaichanganya na zile zilizofuata: humu anakufa mtu mmoja tu, yule polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Lakini unaujua mji, unaijua barabara inayoutoka, unaujua msitu na lile jabali. Rambo anawashinda askari wengi kwa kuwa anaijua ardhi kuliko wao, na wewe unaijua pamoja naye.

Turudi kwenye Die Hard. Mwongozaji John McTiernan alipewa jengo zima la kuchezea: Fox Plaza, Los Angeles, mnara mpya wa kampuni ileile iliyotengeneza filamu, 20th Century Fox, huku baadhi ya ghorofa zikiwa bado hazijamalizwa. Bruce Willis alikuwa anajulikana kwa tamthilia ya televisheni, Moonlighting, na malipo yake ya dola milioni 5 yaliishangaza Hollywood. Hakuwa na kifua cha Schwarzenegger. Mtu wa namna hiyo hashindi kwa mabavu, anashinda kwa kujua ngazi zilipo.

Tazama jinsi jengo linavyofundishwa. Sherehe iko ghorofa ya 30. Juu yake kuna ghorofa zenye nguzo tupu, mabomba na vumbi la ujenzi. Juu kabisa kuna paa. Kuna lifti, kuna shimo la lifti, kuna matundu ya hewa. John McClane, polisi anayechezwa na Willis, anapita kila sehemu kwa zamu yake, na kila sehemu ina mwanga wake na mlio wake. Kwenye ghorofa isiyokamilika fundi mmoja amebandika picha ya msichana ukutani. McClane anaipita akikimbia, baadaye anaipita tena. Picha ile ni alama ya njia: ukiiona tu unajua umerudi wapi, na hakuna aliyehitaji kusema neno. Nikimfundisha kijana kuhariri, namwonyesha hiyo kabla ya mlipuko wowote.

Halafu kuna viatu. Mwanzoni abiria mwenzake ndegeni anamshauri avue viatu na soksi akifika, akunje vidole vya miguu kwenye zulia, uchovu wa safari utaisha. Anafanya hivyo, wavamizi wanaingia, anakimbia peku. Baadaye kiongozi wao Hans Gruber, aliyechezwa na Alan Rickman katika filamu yake ya kwanza ya sinema, anaiona ile miguu mitupu na kuwaamuru watu wake wapige risasi vioo. Kutoka pale alipojificha McClane hadi pa kutokea, sakafu yote imekuwa vigae vya kioo. Hakuna bunduki mpya wala adui mpya aliyeongezwa. Kilichobadilika ni sakafu, na kila mtu ukumbini anahisi maumivu kwenye nyayo zake. Wahariri Frank Urioste na John Link waliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, nami nasema walistahili kuichukua.

Mwaka mmoja kabla, McTiernan huyohuyo alifanya kinyume chake kwa makusudi. Katika Predator ya 1987, iliyopigwa misituni Mexico, kila upande ni majani. Kuna tukio ambalo kikosi kizima kinaufyekelea mbali msitu kwa risasi, sekunde nyingi mno, halafu kimya: hawajampata mtu. Hofu ya filamu ile imejengwa juu ya swali langu kukosa jibu. Adui, kiumbe asiyeonekana, hana mahali. Ni mpaka Arnold apake tope na kuanza kutega mitego ndipo msitu unapata ramani, na hapo mizani inageuka. Anayesema Predator ni bora kuliko Die Hard ana hoja, na ni ubishi ninaouheshimu kuliko wote, maana ni mtu mmoja akishindana na nafsi yake.

Sasa niseme lile la kutazama bila kuona. Die Hard ilipigwa kwa picha pana: upana ni mara 2.35 ya kimo. Televisheni za enzi zile zilikuwa na upana wa mara 1.33 tu. Ili picha ijaze kioo chote, waliotengeneza kanda walikata pembeni, na kilichobaki ni takriban asilimia 57 ya upana. Karibu nusu ya picha ilitupwa. Watu wawili wakiwa kwenye pembe mbili za fremu, fundi wa kanda alilazimika kuchagua mmoja, au kuitembeza picha kutoka huyu kwenda yule, au kukata katikati ya shoti. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma: kwenye kanda kulikuwa na mikato ambayo mhariri hakuikata kamwe.

Lakini Commando, Predator, The Terminator, RoboCop na Aliens zilipigwa kwa upana wa mara 1.85 ya kimo. Kwenye televisheni zilipoteza kidogo tu, na mara nyingine picha ilifunguliwa juu na chini, ikaonyesha kilichofichwa sinema, badala ya kukatwa pembeni. Naamini kabisa kwamba sehemu ya utukufu wa filamu hizo kwenye vibanda vya video ilitokana na hilo: ziliingia kwenye kioo zikiwa karibu nzima. Utaniuliza, na Rambo je? Kweli, First Blood ilikuwa pana vilevile. Ila Rambo muda mwingi yuko peke yake katikati ya fremu, na kilichokatwa pembeni ni miti.

Huku kwetu pengo hilo lilikuwa na mtu wa kuliziba. Wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania, na baadaye DJ Afro wa Kenya, waliweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wakampa steringi jina, wakatangulia kuonya hatari. Wengi huwakumbuka kwa vichekesho. Mimi nawasikiliza kama mwenzao wa kazi: msimulizi anapokwambia adui anakuja kwa nyuma, anamrudishia mtazamaji mahali.

Hasara kubwa zaidi ya ile mikato naiona kwenye zile filamu zilizoanguka sinema kisha zikapata wafuasi wa kufa na kupona kupitia kanda. Tarehe 25 Juni 1982, siku moja, zilitoka Blade Runner ya Ridley Scott na The Thing ya John Carpenter. E.T., hadithi ya mgeni kutoka sayari nyingine, ilikuwa na wiki mbili sokoni na watu walitaka kiumbe mpole. Zote mbili ziliumia. Blade Runner ilirudi mara kadhaa ikiwa imehaririwa upya, mwaka 1992 bila ile sauti ya Harrison Ford ya kusimulia, na 2007 kama Scott alivyoitaka. Ni filamu kubwa, lakini si ya mapigano, na kuipanga pamoja na Commando ni kuidhulumu.

The Thing ni habari nyingine. Wanaume 12 kwenye kituo cha Antaktika, na mmoja wao au zaidi si binadamu tena. Swali zima la hadithi ni nani alikuwa wapi, saa ngapi, akiwa na nani. Mpiga picha Dean Cundey aliwapanga watu hadi kwenye kingo za fremu, ili wakati mmoja anaongea katikati wewe umwangalie aliyenyamaza pembeni. Katika tukio la kupima damu, watuhumiwa wamefungwa wamekaa kwa safu, na woga wako unatembea kwenye safu hiyo kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ukikata pembeni umewafuta watuhumiwa. Aliyeiona kwenye kanda tu aitafute picha pana kabla hajaja kubishana nami.

Carpenter na Cundey walirudi pamoja mwaka 1986 na Big Trouble in Little China, nayo ikaanguka. Kurt Russell ana sauti ya steringi, fulana ya steringi na lori la steringi, lakini anayepigana hasa ni rafiki yake Wang Chi. Pigano kubwa linapoanza, Russell anapiga risasi juu, vipande vya dari vinamwangukia, anazimia. Wiki mbili baadaye studio ileile, 20th Century Fox, ilitoa Aliens ya James Cameron, na hiyo ndiyo iliyosikika. Kwenye Aliens mahali panasikika kwa sikio: kifaa cha kutambua mwendo kinalia, mita zinahesabiwa kushuka, hadi namba inasema wameshaingia chumbani na chumbani hamna mtu. Kisha mmoja anainua macho darini. Hakuna kanda iliyoweza kuliharibu tukio hilo.

Mshindani wa kweli wa Die Hard anatoka Hong Kong. Police Story ya 1985, Jackie Chan akiongoza na kucheza, inaishia ndani ya jengo la maduka lenye vioo kila upande. Unaona mwili mzima, kichwa hadi kiatu, na kile kitakachovunjika kimeonyeshwa kabla hakijavunjwa. Pigo likitua, mkato unaofuata huanzia nyuma kidogo, fremu chache zinarudiwa, jicho linapigwa mara mbili. Kisha Chan anarukia nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza ghorofa kadhaa hadi chini, akaungua mikono. Akatuonyesha mruko huo mara tatu kutoka pembe tatu. Kwa tukio moja moja, Hollywood nzima ya muongo ule haikufika hapo. Ninaiweka ya pili kwa sababu katikati filamu inapwaya, na Die Hard haina dakika ya kupwaya.

Ya tatu ndiyo inayoniletea ugomvi: A Better Tomorrow ya John Woo, 1986. Chow Yun-fat anaingia mgahawani kwa maringo, na akiwa njiani kwenye korido anaficha bastola kwenye vyungu vya maua, kimoja baada ya kingine. Hatujaambiwa ni za nini. Anaua chumbani, anarudi nyuma, risasi zinamwishia, na kila anapoishiwa chungu kiko mkononi mwake. Korido tumeshaitembea naye tukielekea ndani, sasa tunaitembea kinyumenyume. Halafu filamu hiyohiyo inafungwa kwa vita vya usiku ambavyo, nimevirudia kwa makini, siwezi kukuchorea ramani yake. Wanaonipinga wanasema machozi ya mwisho yanafidia. Mimi naibakiza nafasi ya tatu.