Sainasi ya pilonidali haina mzizi

"Daktari, safari hii toa mzizi wote." Nimechoka kuisikia kauli hii kwa wagonjwa wanaorudi na usaha juu ya kifandugu baada ya kufanyiwa upasuaji. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wengi wameambiwa hivyo na sisi wahudumu wa afya.

Sainasi ya pilonidali ni vitundu na njia chini ya ngozi kwenye mfereji wa makalio, vyenye nywele na usaha. Hakuna mzizi. Nywele zilizokatika hushuka kutoka mgongoni, hata kichwani, zikanasa kwenye mfereji wa makalio, na kila mara mtu anapokaa na kuinuka zinachoma ngozi na kuzama ndani. Anayebisha na awaangalie vinyozi: hupata sainasi ya aina hiyohiyo katikati ya vidole vya mikono, kwa nywele za wateja wao.

Imani ya mzizi ndiyo inayofanya mtu achimbwe hadi karibu na mfupa, kisha ngozi ivutwe na kushonwa katikati kabisa, palepale penye jasho, msuguano na nywele. Sehemu ya chini ya mshono, karibu na njia ya haja kubwa, ndiyo huachia kwanza. Baadaye vitundu vinatokea upya, mgonjwa anachimbwa tena kwa upana zaidi, na mfereji uliosababisha yote bado uko vilevile. Tafiti zinazolinganisha mishono zimeonyesha wazi kwamba ukishona katikati, ugonjwa hurudi zaidi kuliko ukishona pembeni.

Karydakis, daktari wa upasuaji wa jeshi la Ugiriki, aliliona hilo mapema. Mwaka 1973 alieleza njia ya kukata kwa umbo la yai lililoegemea upande mmoja, kuinua ngozi ya upande wa pili na kuihamisha, ili mshono ukae kama sentimita 2 nje ya mstari wa kati na mfereji upungue kina. Kwa maelfu ya wagonjwa aliowafanyia, ugonjwa ulirudi kwa takriban 1 katika kila 100. Bascom, daktari wa upasuaji wa Marekani, akaenda mbele zaidi: aliondoa ngozi iliyoharibika, akaacha mafuta ya chini na kuusawazisha mfereji. Njia hiyo ya Bascom ndiyo ninayoipendelea kwa mtu ambaye upasuaji wa awali umeshindwa, hasa kidonda kikiwa chini kabisa.

Upasuaji uitwao Limberg ni mkubwa zaidi. Unakata umbo la msambamba na kulijaza kwa flapu, yaani kipande cha ngozi na mafuta kinachohamishwa kutoka kwenye kalio. Inafaa vidonda vipana, lakini kovu linaonekana na ngozi hufa ganzi. Ncha yake ya chini ikiachwa katikati, ugonjwa hurudia hapohapo. Ndiyo maana siku hizi tunaisogeza pembeni. Kwa hiyo anayesema Limberg ni bora kwa sababu inatoa nyama nyingi amerudi kwenye mzizi uleule. Limberg ikilinganishwa na njia ya Karydakis, zote mbili hurudisha ugonjwa kwa wachache tu, na uzoefu wa mpasuaji na ukubwa wa kidonda ndivyo viamue. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza swali moja: mshono utakaa wapi?

Eti jipu likivimba flapu ifanywe siku hiyohiyo? Hapana. Jipu hupasuliwa kwanza, pembeni ya mstari wa kati, usaha utoke. Flapu husubiri uvimbe upoe.

Eti kila kitundu kikatwe? Kisichouma wala kutoa usaha kiache.

Eti unyoe kwa wembe maisha yako yote? Wembe umehusishwa na ugonjwa kurudi zaidi. Mwenye uwezo aondoe nywele kwa leza: katika utafiti wa vijana nchini Marekani uliochapishwa 2023, ugonjwa ulirudi ndani ya mwaka kwa takriban 10% ya waliopangiwa leza pamoja na matunzo ya kawaida (usafi na kuondoa nywele bila leza), na 34% ya waliopata matunzo ya kawaida peke yake.