Polifenoli, jeni na ini: maswali na majibu kwa wanaotumia kapsuli za "kusafisha ini"

Polifenoli ni nini?

Ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujikinga na jua kali, wadudu na kuvu. Ndizo zinazoipa chai ukakasi na zabibu nyeusi rangi yake. Zimo pia kwenye vitunguu, tufaha, kahawa, kakao na manjano ya kupikia.

Je, chakula kinaweza kubadilisha jeni zangu?

Jeni ulizozaliwa nazo hazibadiliki. Kinachobadilika ni jeni ipi inafanya kazi zaidi na ipi inapunguza kasi. Ndani ya seli ya ini kuna protini iitwayo Nrf2. Kwa kawaida hushikiliwa na protini nyingine, Keap1, na ikishashikwa huvunjwavunjwa. Baadhi ya polifenoli, zikishabadilika ndani ya seli, hujibandika kwenye sehemu za Keap1 zenye salfa. Mshiko unalegea, Nrf2 inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kinga, zikiwemo zile zinazosaidia kutengeneza glutathioni, kemikali ambayo ini hutumia kuzima sumu. Polifenoli nyingine hupunguza nguvu ya NF-kB, protini inayowasha jeni za mchochota, yaani uvimbe na joto la mwili unapojihami.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Seli huwasha kinga hiyo kwa sababu imehisi usumbufu. Polifenoli kidogo huiamsha. Nyingi mno huimaliza glutathioni yenyewe na kuiua seli.

Basi nikimeza kapsuli zilizokolezwa, ini litasafika zaidi?

Hapana. Ini halina uchafu uliogandamana unaosubiri kukwanguliwa. Linajisafisha lenyewe kila saa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi kuhusu EGCG, polifenoli kuu ya chai ya kijani. Wanywaji wa kawaida wa chai hiyo hupata kwa wastani miligramu 90 hadi 300 kwa siku. Miligramu 800 au zaidi kwa siku kutoka kwenye virutubisho vya ziada, kama kapsuli, zilipandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba seli zinaumia. Ukimeza kapsuli tumbo likiwa tupu, kama wengi wanaotaka kupungua uzito wanavyofanya, EGCG nyingi zaidi huingia kwenye damu kwa mkupuo.

Kapsuli za manjano nazo mara nyingi huchanganywa na piperini ya pilipili manga. Piperini huzuia ini lisiitoe haraka kurkumini, ile polifenoli ya manjano. Muuzaji huiita faida. Wagonjwa kadhaa wameishia na homa ya ini isiyotokana na virusi. Manjano ya kijiko kwenye chakula ni jambo jingine kabisa.

Mbona kwenye maabara polifenoli zilifanya maajabu?

Seli za kwenye kisahani huoshwa kwa viwango ambavyo damu ya mlaji haivifikii. Ukila, bakteria wa utumbo huzivunja, kisha ini huzifunga na kuzitoa.

Macho yamekuwa ya njano. Si ni sumu inatoka? Niongeze dozi?

HAPANA. Hiyo si sumu inayotoka. Ni bilirubini, taka ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambayo ini limeshindwa kuitoa. Acha kapsuli leo na uende hospitali leo. Si baada ya kumaliza chupa, si Jumatatu, si baada ya kujaribu mchanganyiko mwingine. Vimeng'enya vikipanda zaidi ya mara 3 ya kawaida kwa sababu ya dawa au virutubisho, na bilirubini ikazidi mara 2, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hufa au huhitaji kupandikizwa ini. Wengi wanaoacha mapema hupona.

Nina kichefuchefu na uchovu tu. Nisubiri?

Usisubiri! Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuwashwa mwili na maumivu chini ya mbavu za kulia vinatosha kukupeleka kupima ini. Mkojo mara nyingi hubadilika kabla ya macho: kojoa asubuhi kwenye chombo cheupe, ukiwa na rangi ya chai ya rangi hata baada ya kunywa maji ya kutosha, nenda. Macho yaangalie kwa mwanga wa mchana, kope la chini likiwa limevutwa, kwa sababu taa ya njano huficha. Na tafadhali tuache hoja ya "nimezitumia miezi 2 bila shida". Madhara haya hujitokeza hata baada ya wiki au miezi kadhaa.

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana au kutoka damu kwenye fizi, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Nimwambie daktari? Ni mimea tu.

Mwambie, na mpelekee chupa yenyewe. Anahitaji jina, miligramu kwa kila kapsuli, siku uliyoanza na siku ya mwisho kumeza. Asipojua, atatafuta ugonjwa mwingine huku wewe ukiendelea kumeza kisababishi.

Nina hepatitisi B. Naweza kubadilisha dawa kwa kapsuli?

Hapana, kabisa. Kuacha dawa za hepatitisi B kiholela kunaweza kuviamsha virusi kwa kishindo na kuliangusha ini. Usiache bila daktari wako.

Sasa nile nini?

Vitunguu, matunda, mboga za majani, kunde. Kahawa pia: wanywaji wake wameonekana kupata sirosisi, yaani ini kujaa makovu, kwa nadra zaidi. Mwenye upungufu wa damu anywe chai au kahawa saa 1 au zaidi baada ya kula, kwani polifenoli hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka.