Dakika ngapi kabla chemba hazijafurika? Tahadhari za mbali kwenye vituo vya kusukuma majitaka

Tahadhari ya kituo cha majitaka haina faida kama haimwachii fundi muda wa kufanya lolote. Kazi yangu ni kufunga na kutunza mifumo ya kufuatilia vituo hivi kwa mbali, na kabla sijazungumzia sensa wala modemu huwa nauliza kwanza: pampu zote zikisimama sasa hivi, maji yatamwagika baada ya dakika ngapi? Kila kitu kingine kinategemea jibu hilo, na mara nyingi hakuna aliyewahi kulitafuta.

Kwa asiyevijua vituo hivi, majitaka husafiri bombani kwa mteremko. Maeneo tambarare, kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam iliyo karibu na bahari, hayaruhusu bomba liendelee kuzama ardhini bila mwisho. Ndipo huchimbwa kisima, maji yakakusanywa, na pampu mbili za kuzamishwa zikayasukuma hadi mahali ambapo mteremko unaweza kuanza upya, au hadi kwenye mabwawa ya kusafishia. Pampu moja iko kazini, nyingine ni akiba. Maboya, yaani swichi zinazoelea juu ya maji, ndiyo yanayoziongoza: boya la chini linazima, la kati linawasha pampu ya kwanza, linalofuata linawasha ya pili, na la juu kabisa linapiga kengele. Usiku, vituo vingi havina mtu.

Sasa hesabu. Chukua kisima cha mviringo chenye kipenyo cha mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 7 na kidogo, kwa hiyo kila sentimita 10 maji yanapopanda ni lita 700 hivi. Tuseme kutoka boya la kengele hadi usawa wa kufurika ni mita 1.2. Hizo ni lita 8,500. Asubuhi watu wanapooga na kufua, kituo kikipokea lita 12 kwa sekunde, nafasi hiyo inajaa kwa dakika 12. Fundi aliyeko Mbagala, kituo kikiwa Upanga, hata barabara kuu hajaifikia. Saa nane usiku maji yakishuka hadi lita 3 kwa sekunde, ana dakika 47. Mabomba yanayoleta maji nayo yana nafasi yake kabla chemba ya chini haijafurika, lakini wakati wa masika mimi siihesabu nafasi hiyo. Chemba zisizo na mifuniko hupokea mvua yote ya barabarani, na bomba linakuwa limeshajaa.

Ndiyo maana sikubali mfumo unaosubiri maji yapande ndipo useme. Kupanda kwa maji ni matokeo. Chanzo huanza mapema: umeme umekatika, fezi moja (mmoja wa nyaya tatu za umeme wa pampu) imepotea, ovalodi ya mota, kinga inayoikata mota inapozidiwa, imejitoa, pampu imeamriwa kuwaka lakini ampea hazionekani, yaani haivuti umeme. Chanzo kikitangazwa wakati maji bado yako chini, mita 2.5 kabla ya kufurika, asubuhi ileile unapata kama dakika 24. Umeongeza muda mara mbili bila kupanua kisima hata kidogo.

Hapo ndipo kishawishi kingine huingia, cha kutangaza kila kitu. Umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa kwa saa, na kila badiliko likatuma meseji, fundi atazoea simu yake kulia na siku ya hatari atageukia upande wa pili alale. EEMUA 191, mwongozo unaotumika sana viwandani, unataka mwendeshaji aliye macho mbele ya skrini asipokee kwa wastani zaidi ya tahadhari moja kila dakika 10. Fundi wa zamu aliyelala nyumbani anastahili chache zaidi, tena chache mno. Kanuni yangu ni kwamba jambo lisilomtaka mtu aamke na kuvaa viatu lisiende kwenye simu. Liandikwe kwenye kumbukumbu za mfumo, lisomwe asubuhi. Kukatika kwa umeme nakupa dakika moja kwanza. Jenereta likiwaka ndani ya muda huo, hakuna meseji.

Na meseji yenyewe iseme. Nimekuta vifaa vinatuma "ALARM 07", na orodha ya namba hizo iko ofisini, kabatini, kabati limefungwa. Mimi hupanga hivi: "KITUO CHA SOKONI. Pampu 1 ovalodi. Pampu 2 inafanya kazi. Usawa m 1.4 unapanda. Umeme upo. 02:14." Kwa mistari hiyo fundi anajua kama abebe vifaa vya umeme au mnyororo wa kunyanyulia pampu. Asipojibu ndani ya dakika 5, mfumo unampigia simu ya sauti, kwa sababu meseji huweza kuchelewa njiani, kisha unahamia kwa fundi wa pili, kisha kwa msimamizi.

Jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote ni kituo kinachonyamaza. Skrini haina tahadhari, kila mtu ametulia, kumbe waya umekatika. Kinga huanza kwenye nyaya: boya la kengele liunganishwe ili mkondo upite wakati hali ni salama. Waya ukikatwa au ukioza, mkondo unakosekana na tahadhari inalia yenyewe. Sensa ya usawa wa maji inayotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20 ina faida hiyohiyo, kwani kisima kitupu ni 4, na 0 maana yake ni hitilafu. Kifaa chenyewe kinachotuma tahadhari kiwe na betri, maana saa ambayo umeme haupo ndiyo kinahitajika zaidi. Kisha kila baada ya muda uliopangwa kitume salamu kwamba kipo. Upande wa kupokea ndio unaopaswa kupiga kengele salamu isipofika, kwa kuwa kifaa kilichokufa hakiwezi kutangaza kifo chake.

Hapa nitaje laini ya simu ambayo kifaa hutumia kutuma meseji. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Laini ya kituo iliyosajiliwa kwa jina la fundi ni hatari inayosubiri siku yake. Akihama kazi, laini ni yake. Isajiliwe kwa jina la taasisi, na kifurushi kilipwe na ofisi kwa utaratibu, si kwa vocha ya mtu.

Ndani ya kisima mazingira ni makali. Mafuta ya kupikia yaliyoganda huvaa boya likawa zito, matambara na nepi huyafunga maboya mawili yakawa kama moja. Gesi ya salfidi hidrojeni hupanda kwenye bomba la nyaya hadi kwenye paneli na kuigeuza shaba kuwa nyeusi, hadi rilei, swichi ndogo za umeme ndani ya paneli, zinaacha kugusana. Ziba njia hiyo kabisa. Sensa inayopima usawa wa maji kwa mawimbi ya sauti hudanganywa na povu. Kwa hiyo boya la kengele nalitenga: waya wake, njia yake, lisitegemee sensa wala kompyuta ya pampu.

Kumbukumbu za mfumo nazo zina thamani watu wasiyoiona. Kituo kimoja, pampu ya kwanza ilikuwa ikimaliza maji kwa dakika 6, zikawa 9, zikawa 14. Hakuna kengele iliyolia, ampea hazikutisha. Tulipofungua chumba cha valvu, ile ya kuzuia maji yasirudi upande wa pampu ya pili ilikuwa imeshikwa na kipande cha khanga, imebaki wazi. Pampu moja ilisukuma, maji yakarudi kisimani kupitia nyingine.

Kuhusu kuamuru pampu kwa mbali, nina msimamo mkali. Mwaka 2000, Maroochy, jimbo la Queensland nchini Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mfumo alitumia kompyuta na redio kuingilia vituo vya majitaka. Lita zipatazo 800,000 zilimwagika kwenye bustani, mito na hadi viwanja vya hoteli. Alifungwa miaka miwili. Kwa hiyo kuona kwa mbali naruhusu, kuwasha naruhusu kwa masharti, kuzima kwa meseji siruhusu. Nywila za kiwandani zibadilishwe siku ya kufunga, na mtu akiacha kazi namba yake ifutwe siku hiyohiyo.

Majaribio yafanyike kituoni kila mwezi. Nendeni wawili, na kipima gesi. Salfidi hidrojeni ikizidi hupumbaza pua, kwa hiyo kutosikia harufu si ruhusa ya kushuka kisimani. Ukiwa juu, nyanyua boya la kengele kwa mti. Shusha swichi kuu. Andika ni simu ya nani iliyolia na baada ya muda gani. Mwisho chomoa antena bila kumtaarifu aliye zamu, usubiri uone kama kuna atakayepiga kuuliza mbona kituo hakisikiki.