Meijin si daraja: ufafanuzi kuhusu mataji ya shogi na go

Tangu mchezaji wa Japani Fujii Sota atwae mataji yote manane ya shogi (mchezo wa ubao wa Kijapani unaofanana na sataranji) tarehe 11 Oktoba 2023, maswali yamekuwa mengi, na malalamiko pia: wengi wanachanganya taji kama Meijin na daraja la mchezaji, na wengine wanalalamikia ukali wa adhabu. Tunarudia tena: taji si daraja.

Daraja, yaani dan, ni kiwango cha ustadi wa mchezaji, na halipokonywi kwa kushindwa. Taji hushindaniwa kila mwaka. Juni 2024 Ito Takumi alimnyang'anya Fujii taji la Eio, mojawapo ya yale manane, lakini Fujii alibaki na dan yake ya 9. Wanaosema "ameshushwa" wanapotosha. Vilevile, taji la Meijin lipo katika shogi na pia katika go, mchezo mwingine wa ubao, lakini Meijin wa shogi si Meijin wa go. Majina ya Kisei na Oza nayo yamo katika michezo yote miwili, kwa hiyo taja mchezo kwanza.

Zamani hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1612 serikali ya Tokugawa iliyotawala Japani ilianza kuwapa posho mabingwa, akiwemo Ohashi Sokei wa shogi na mtawa wa Kibudha Honinbo Sansa wa go. Honinbo ni jina la makazi ya Sansa ndani ya hekalu la Jakkoji, Kyoto. Likawa jina la ukoo wa wachezaji, na leo ni taji la go. Umeijin ulikuwa cheo cha maisha. Sekine Kinjiro, Meijin wa 13 wa shogi, ndiye aliyekubali kukiachia kishindaniwe, na mwaka 1937 Kimura Yoshio akakipata ubaoni. Upande wa go, Honinbo Shusai, mrithi wa jina la Honinbo, alilikabidhi jina la ukoo wake kwa chama cha Nihon Ki-in, na mwaka 1941 Sekiyama Riichi akawa Honinbo wa kwanza kwa mashindano. Kuachia urithi wa zaidi ya miaka 300 si jambo dogo, nasi tunaliheshimu sana.

Sasa adhabu za makosa katika shogi, maana hapa ndipo malalamiko yanapozidi. Katika shogi, kete uliyoiteka unaweza kuirudisha ubaoni iwe yako. Ukiweka kitunda kwenye safu wima ambayo tayari ina kitunda chako ambacho hakijapandishwa, hilo ni kosa la nifu: umeshindwa papo hapo. Ukicheza mara mbili mfululizo, umeshindwa. Ukiinua kete uliyokwisha kuiachia ili ubadili hatua, umeshindwa. Hakuna onyo la kwanza, na mwamuzi hakuonei. Wachezaji wa kulipwa wamewahi kupoteza kwa nifu mbele ya kamera za televisheni, wakainamisha kichwa na kukubali.