"Huyu Kazaliwa Nayo": Dhana Potofu Kuhusu Kujifunza Programu

Mombasa, popote kompyuta zinapofundishwa, kuanzia vyuo vidogo vya ghorofani katikati ya mji hadi Chuo Kikuu cha Kiufundi kule Tudor, kuna kauli moja haikosi: huyu kazaliwa nayo, yule hana kichwa cha programu. Wanaisema waliofeli, wanaisema wazazi na, la kusikitisha zaidi, wanaisema walimu. Nitakaa nayo kuliko nyingine, kwa sababu dhana nyingi zimetoka humo.

"Ama unacho kichwa chake, ama huna"

Dhana hii iliwahi kuvikwa joho la utafiti. Mwaka 2006, Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, walisambaza makala wakidai wamepata mtihani wa kuwatenga watakaoweza na wasioweza kabla hawajafundishwa chochote. Makala hayo yakasomwa dunia nzima, na walimu wengi wakaona wamepewa ushahidi wa walichokiamini tangu zamani. Mwaka 2014 Bornat aliyafuta hadharani, akasema wazi kwamba mtihani huo wa kipaji haukupatikana. Bahati mbaya, kanusho halitembei kwa kasi ya uvumi.

Lakini je, si kweli kwamba alama za programu hugawanyika makundi mawili, wa juu huku na wa chini kule? Elizabeth Patitsas na wenzake walilipima jambo hilo katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha Canada na kutoa matokeo mwaka 2016. Kati ya orodha 778 za alama za mwisho, ni asilimia 5.8 tu zilizoonyesha mgawanyiko wa aina hiyo. Kisha wakawaonyesha wahadhiri michoro ya alama isiyo na umbo la wazi. Walioamini zaidi kwamba kipaji ni cha kuzaliwa ndio walioelekea zaidi kuona makundi mawili. Mwalimu huyaona makundi akilini mwake kabla ya kuyaona kwenye karatasi.

Basi kwa nini wengine huachwa nyuma? Anthony Robins wa Otago, New Zealand, alitoa maelezo mwaka 2010 ambayo mimi nayaona yana mashiko: mada za programu zimefungamana mno, hivyo aliyeshika ya kwanza huiona ya pili nyepesi, na aliyeikosa huzidi kuzama. Ni kama kusuka ukili: miyaa ikikaa vibaya mwanzoni, upindo huo hufuata hadi mwisho, na aliyesuka ana mikono mizima kabisa.

Tazama mfano mdogo. Mwanafunzi anaambiwa a ni 10 na b ni 20, halafu mstari unaofuata ni a = b. Sasa a ni ngapi? Jibu ni 20, na b inabaki 20 vilevile. Wapo watakaosema zimebadilishana. Wapo watakaosema haiwezekani, maana 10 si sawa na 20, na kwa hesabu ya shuleni wana haki ya kusema hivyo! Alama ile darasani ilimaanisha usawa. Hapa ni amri ya kuchukua thamani ya kulia na kuiweka kushoto. Asiyesahihishwa wiki hiyo ataingia kwenye marudio ya amri akiwa na kosa hilo mkononi, na mwisho wa muhula ataambiwa hana kichwa. Roy Pea alieleza mwaka 1986 kosa lililo chini ya mengi ya haya: mwanagenzi huamini mashine ina akili iliyojificha, na kwamba itaelewa alichokusudia.

"Andika tu, utajua mbele kwa mbele"

Mwaka 2001 kundi la watafiti likiongozwa na Michael McCracken lilipima wanafunzi 216 wa vyuo vinne waliomaliza masomo ya mwanzo ya programu. Wastani ulikuwa kama alama 23 kati ya 110. Miaka mitatu baadaye, Raymond Lister na wenzake wakaonyesha kwamba wengi hawawezi hata kufuatilia mistari michache iliyokwisha kuandikwa na kusema itatoa nini. Atungeje asiyeweza kusoma?

Ndiyo maana Dale Parsons na Patricia Haden, mwaka 2006, walibuni mazoezi ambayo mwanafunzi hupewa mistari sahihi iliyochanganywa, kazi yake ikawa kuipanga. Barbara Ericson na wenzake walikuta mwaka 2017 kwamba mazoezi hayo huchukua muda mfupi kuliko kuandika programu nzima, na mafunzo hayapungui.

"Bila hisabati kali usijaribu"

Utafiti wa Chantel Prat na wenzake, Chuo Kikuu cha Washington, 2020: watu 36 wakijifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Wepesi wa kujifunza lugha za kusemwa ulieleza wastani wa asilimia 17 ya tofauti zao, ufundi wa hesabu asilimia 2. Watu 36 ni wachache, nisingejenga ghorofa juu yao. Ila katika mji wa mshairi Muyaka, ambako watu hupima mizani ya beti kwa sikio, habari hii haifai kupita bure.

"Kiingereza kwanza, kompyuta baadaye"

Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walifuatilia wanagenzi wa Scratch, chombo cha kuwafundishia watoto programu, kutoka nchi kadhaa na kuripoti mwaka 2017 kwamba waliotumia amri za lugha ya kwao walianza kutumia dhana mpya kwa kasi kuliko wenzao wa nchi zilezile waliotumia Kiingereza. Scratch ipo kwa Kiswahili. Sababu ya kumfungulia mtoto wa Likoni ukurasa wa Kiingereza siku ya kwanza siioni.

"Si kazi ya wanawake"

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wanawake walioingia masomo ya kompyuta walikuwa asilimia 7 mwaka 1995, na asilimia 42 mwaka 2000. Vipaji vya kuzaliwa havibadiliki kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni namna ya kuwachagua na kuwapokea.

"Akili bandia inaandika, kujifunza kwa nini?"

Mfano wa hisabati unatufaa hapa, maana swali ni lilelile: Uturuki, karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari walijaribiwa katika somo hilo. Waliopewa akili bandia ya kawaida walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 zaidi. Ilipoondolewa, mtihani wao ulikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko wa wasioigusa kamwe. Kundi la tatu lilipewa akili bandia iliyoelekezwa kutoa vidokezo bila kutoa jibu, na hasara hiyo kwa sehemu kubwa haikuonekana.